Tumbaku Yapakwa Kakao, Ulimi Wadanganyika

Wasomaji wa ukurasa huu wamezoea kuniona nikishughulika na mashairi na mila zetu za pwani, na yamkini watashangaa leo kuniona nimeshika kiko. Wasishangae mno. Kiko si changu, na nilipokirejesha kwa mwenyewe kilikuwa bado kina moto. Lakini nimekivuta, tena mbele ya shahidi, nikatakiwa nitoe hukumu, na hukumu yenyewe imezua ugomvi mdogo baina yangu na jirani yangu ambao haujesha hata ninapoandika haya. Basi nimeona heri niwaeleze wasomaji kisa chote, nao waamue ni nani kati yetu aliyekosa.

Mie ni mtu wa Mombasa, lakini riziki ilinivuta bara. Tangu mwaka 2011 nakaa Mwihoko, kule nyuma ya Githurai, upande wa Ruiru. Mwihoko kwa Kikikuyu maana yake ni tumaini, na aliyewahi kukaa huku kabla ya barabara kuu mpya ya Thika kufunguliwa mwaka 2012, akakanyaga lile tope letu saa kumi na moja alfajiri kuwahi matatu, ataelewa kwa nini mahali hapa palihitaji jina hilo. Mwezi wa Julai ndio mbaya kabisa. Ukungu hushuka, jua halionekani hata adhuhuri, na sisi tuliozaliwa kwenye joto hutembea tumejifunika kama mayatima.

Ilikuwa jioni ya Julai ya namna hiyo. Jirani yangu ni mzee wa Kikuyu, mstaafu, aliyefanya kazi miaka mingi Thika katika kiwanda kinachochambua majani ya tumbaku, yale yatokayo Migori na Bungoma. Huyu mzee ukimpa jani alisugue kwa vidole viwili gizani, atakwambia limekaushwa vipi. Babake, anavyosimulia, alikuwa mtu wa mbaki, yaani ugoro, uliosagwa na kutiwa magadi. Yeye mwenyewe ni mtu wa kiko. Tunaheshimiana. Yeye huniita Ustadh, nami humwita Mzee, na hatujawahi kukosana ila kwa habari ya kuku wake.

Akaniita uani kwake, akanitolea mkebe mwekundu wenye picha ya bwana mmoja amevaa koti refu. Binti yake alikuwa amerudi likizo kutoka Marekani na kumletea. Prince Albert, jina lake. Bwana wa pichani ni yule aliyekuja kuwa Mfalme Edward wa Saba wa Uingereza, na tumbaku hiyo imeuzwa na Wamarekani tangu mwaka 1907. "Ustadh," akasema, "wewe ni mtu wa maneno. Onja hii halafu unipatie maksi. Kwa kumi."

Nikamwambia niliacha sigara Ramadhani ya mwaka 2006, baada ya kuvuta miaka kumi na saba. Akasema kiko si sigara, moshi wake haumezwi, hukaa kinywani tu ukatoka. Hapo ndipo nilipokosea, msomaji wangu, nami nakiri.

Najua wako watakaoniuliza: weye uliyesoma chuoni ukakhitimu, tumbaku na weye wapi na wapi? Swali hilo lina umri mkubwa kuliko sisi sote. Sultani Murad wa Nne aliipiga marufuku tumbaku katika dola yake mwaka 1633, na watu walikatwa vichwa kwa sababu ya kiko. Kisha akatokea Sheikh Abdulghani al-Nabulsi wa Damascus, aliyefariki mwaka 1731, mtu mkubwa wa elimu na mshairi pia, akaandika kitabu kizima kutetea kuwa ni mubaha. Huku kwetu wazee wengi walisema ni makuruhu, wakashika kipande shavuni huku wakisema hivyo. Leo, baada ya madaktari kufunua wanayoyafunua, wanazuoni wengi wa zama zetu wamehamia kwenye uharamu, wakitoa hoja kwamba mtu haruhusiwi kujiangamiza kwa mkono wake. Mimi si mufti. Nimeonja, nimestaghfiri, na sasa naandika nilichokiona.

Kwanza harufu. Mzee alipofungua mkebe, wallahi nilidhani amefungua kopo la kakao. Kulikuwa na kitu kama molasi, kitu kama karanga zilizokaangwa, na mbali sana, nyuma kabisa, kama mtu aliyekaa chumba cha ndani asitake kuonekana, tumbaku yenyewe. Majani yalikuwa yamekatwakatwa vipande vidogo vikavu, rahisi kushindilia. Mzee akakijaza kiko kwa kidole gumba, akakiwasha, akavuta mara mbili tatu hadi kikakubali, akafuta mdomo wa mrija kwa leso safi, akanipa.

Moshi wa kwanza ni mpole. Hauchomi ulimi, haukwaruzi. Una ladha ya karanga na mkate ulioungua kidogo ukingoni. Ile kakao niliyoinusa mkebeni sikuipata kinywani, ilibaki hewani ikizunguka ua mzima, na nadhani ilikusudiwa wao walioketi kando kuliko mimi niliyevuta. Inaungua sawasawa, haizimiki, haitoi maji mrijani. Mtu aliyeitengeneza anaijua kazi yake. Nilipofika moshi wa tano au wa sita nilihisi paji la uso limelowa jasho, katika baridi ile, na uwa wa makuti wa jirani ukaanza kwenda na kurudi kama jahazi. Nikashika kiti. Wala sikuwa nimemeza hata pumzi moja.

Mzee akacheka. "Burley hiyo," akasema. "Ni kali, lakini imevaa nguo."

Nikamwomba anieleze, naye akanieleza kama alivyojifunza kazini, nami nikaenda kuhakikisha vitabuni. Burley ni tumbaku ambayo Wamarekani husimulia kuwa ilionekana mwaka 1864 huko Ohio, shambani alikofanya kazi mkulima mmoja jina lake George Webb. Mbegu zilitoka Kentucky, miche ikaota ya rangi ya kupauka, ikadhaniwa ni wagonjwa. Kumbe ilikuwa kabila jipya la tumbaku. Hapa karibu, nchi inayoishi kwa burley ni Malawi. Sasa, tumbaku ya Virginia, kama ile ya wenzetu wa Tabora, hukaushwa kwa joto ndani ya mabani, na sukari yake hubaki ndani ya jani. Burley haipelekwi motoni. Hutundikwa bandani ipigwe na upepo kwa wiki kadhaa, na katika wiki hizo jani huimaliza karibu sukari yake yote. Linalobaki ni jani jepesi, lenye vinyweleo kama sifongo, chungu, lenye nguvu. Na kwa kuwa ni kama sifongo, hunywa chochote utakacholimwagia. Ndiyo maana wenye viwanda hulipenda. Wanalitia sukari, kakao, urukususi, ramu, vanila. Kwanza huloweshwa kwa rojo la kuondoa uchungu, na mwisho hunyunyiziwa manukato ya kumpendeza mwenye pua.

Liko na jambo la pili, ambalo ndilo lililonipiga mimi jasho. Moshi wa tumbaku iliyokaushwa kwa upepo una tabia ya magadi. Si mchachu. Na nikotini katika hali ya magadi haihitaji kufika mapafuni. Hupenya hapo hapo kwenye nyama za kinywa ikaingia damuni. Niliposoma hayo nilikiweka kitabu chini, kwa sababu nilimkumbuka nyanya yangu mzaa mama.

Nyanya alikuwa mla uraibu. Kila baada ya sala ya alasiri aliketi barazani, pale Mji wa Kale, na kijaluba chake: tambuu, popoo, katu, chokaa, na tumbaku. Tumbaku yenyewe haikuwa ya hivi hivi. Ilikuwa lazima iwe ya Pate. Mimi ndiye niliyekuwa nikitumwa dukani, na nikirudi na nyingine hunusa mara moja tu, akanirudisha. Kwa nini chokaa? Tulipokuwa watoto tuliambiwa ni ya kutia wekundu. Kweli inatia wekundu, lakini kazi yake nyingine ndiyo ile ya magadi katika ugoro wa babake Mzee, na ndiyo ile iliyomo katika moshi wa burley: kuifungulia mlango nikotini. Watu wa Pate, wazee wa Kikuyu na wakulima wa Ohio hawakuonana hata siku moja, na wote waligundua ufunguo ule ule.

Siku moja, nikiwa na miaka minane hivi, nilikata kipande cha tumbaku ile ya Pate njiani nikakitia kinywani, nipate kujua kuna nini. Nilikuwa nikielekea chuoni. Sikumaliza hata mtaa. Nilitapika juu ya juzuu ya Amma, Mungu anisamehe, na maalim akanichapa kwa ajili ya juzuu, na nyanya akaniongeza kwa ajili ya tumbaku. Kabla ya kufika miaka ishirini sikuigusa tumbaku tena ya namna yoyote. Si viboko vilivyonizuia, maana viboko nilikuwa nimevizoea. Ni ule uchungu.

Tumbaku ya Pate nimeiona shambani kwake mwaka 1998, nilipokwenda Lamu nikavuka hadi Pate yenyewe. Asiyefika hatasadiki. Mji ule wa masultani wa Kinabahani, ambao Sayyid Abdalla bin Ali bin Nasir aliulilia katika Al-Inkishafi, umebaki kuta, na ndani ya kuta zile, palipokuwa vyumba na kumbi, watu wamelima tumbaku. Unapita kwenye mlango uliobaki tao lake, unakuta vitalu vya majani mapana ya kijani pale ambapo pengine palikuwa na zulia. Mkulima mmoja aliniambia udongo wa magofu ndio unaoipa nguvu. Nikanusa jani lililoanikwa. Halikuwa na asali wala kakao. Lilinuka udongo, jua na ukali, na mara nikajiona nimerudi na miaka minane, tumbo limejipinda.

Na siyo kwamba wazee wetu hawakujua anasa ya moshi. Edward Steere, yule padri wa Kiingereza aliyekuja kuwa askofu wa Unguja, alipochapisha kitabu chake cha Kiswahili mwaka 1870 alieleza viungo vya kiko kimoja kimoja: bori ni kile kibakuli cha tumbaku na moto, digali ni mti unaoteremka kutoka borini hadi kwenye maji, chombo cha maji ndicho kiko hasa, na shilamu ni mrija wa kuvutia. Ule mlio wa maji yakichemka mtu anapovuta nao ulikuwa na jina lake, malio ya kiko. Lugha iliyotenga jina kwa sauti ya maji ndani ya kiko haikuwa lugha ya watu wasiojua kuonja. Waliupoza moshi kwa maji. Lakini ilikuwa tumbaku, na anayeivuta alijua ni tumbaku, na aliyeketi kando alijua.

Sasa tazameni kilichotupata. Shisha inayouzwa siku hizi, Waarabu wanaiita muassal, na aliyesoma japo kidogo ataona asali imo humo humo ndani ya jina: iliyotiwa asali. Tofaa, zabibu, nanaa, embe. Serikali yetu iliipiga marufuku Desemba mwaka 2017, na Mungu anajua ni watoto wangapi wa Mombasa na Malindi walikuwa wamekwisha kuizoea wakidhani wanavuta matunda. Huko Marekani kwenyewe sheria ya mwaka 2009 iliondoa sokoni sigara zenye ladha za matunda na peremende, isipokuwa mentholi, kwa hoja kwamba ladha hizo ndizo zinazowaingiza watoto. Tumbaku ya kiko haikuguswa na katazo lile. Labda walifikiri kiko ni cha wazee.

Mimi nina kijana wa miaka kumi na sita. Mwaka jana mamake alikuta mfukoni mwa sare yake ya shule kile kijidude cha betri kitoacho moshi wa harufu ya embe. Nilipomuuliza alinijibu kwa utulivu, bila uongo usoni, kwamba hakuna tumbaku ndani, ni ladha tu. Nilitaka kumpiga, kisha nikaona kwamba yeye mwenyewe anasadiki. Ulimi wake haukumwonya. Wangu ulinionya nikiwa na miaka minane.

Nirudi uani kwa Mzee. Kiko kilikuwa kimefika nusu na mimi nimekirudisha, nakunywa chai ya tangawizi kujituliza, naye ananidai maksi zake. Nikachukua daftari. Harufu ya mkebeni nikaipa nane. Mwako nikaupa nane vile vile. Ladha nikaipa tano, kwa sababu kinachoahidiwa na pua hakifiki ulimini, na mtu hulipwa kwa alichokipokea, si kwa alichoahidiwa. Mzee alikuwa anatikisa kichwa kwa ridhaa. Pale pale mlango wa nyuma ukafunguliwa, akatoka mjukuu wake, msichana wa miaka sita au saba, ameshika mdoli mguu, akanusa hewa.

"Guka," akamwambia babu yake, "nani anapika keki?"

Mzee hakujibu. Nami sikusema kitu. Mtoto akakizunguka kiti cha babu, akaichungulia bori, akainusa tena kwa karibu, akatabasamu. Babu yake akakiinua kiko juu ya kichwa, mahali asipofika.

Nikaandika safu ya mwisho, ukweli wake, nikatia sufuri. Kwa jumla nikaipa tatu kwa kumi.

Hapo ndipo ugomvi. Mzee anasema ukweli si kipimo cha tumbaku. Tumbaku hupimwa kwa pua, ulimi na jivu, na yeye amepima miaka yote ile bila kuulizwa habari ya ukweli. Anasema nguo si uongo, kwani hata mimi navaa kanzu. Nikamwambia kanzu yangu haimfanyi mtu anidhanie kuwa keki. Anasema tena, na hapa ananishinda kidogo, kwamba tumbaku hiyo ya Pate ninayoisifu nayo huua. Sina la kumjibu. Nyanya yangu alitoka kidonda shavuni, upande ule ule alioweka tumbaku yake kwa miaka arubaini. Hakikupona. Alifariki mwaka 1991, na siku zake za mwisho hakuweza kunywa hata uji. Ukali ulinizuia mimi mtoto; haukumwokoa yeye aliyeuzoea. Ndugu yangu mkubwa naye sigara zimemmaliza, na sigara zile alianza na zenye mentholi, ati hazikwaruzi koo.

Kwa hiyo siitetei tumbaku ya Pate kama dawa. Nasema tu kwamba ilikuwa inajitangaza. Wazee wetu walisema chema chajiuza na kibaya chajitembeza, na mimi naongeza kwamba kibaya cha zama hizi kimejifunza kujipodoa kabla ya kutoka. Ningekuwa na amri ningeruhusu tumbaku iuzwe kwa namna moja pekee, nayo ni kunuka tumbaku. Udi na ubani tunavyo vya kutosha kwa wenye kupenda moshi mzuri. Usiku ule nilishindwa kulala kwa ile nikotini, nikaandika ubeti huu nyuma ya daftari la maksi:

Tumbaku ya Pate kali, haina neno la siri,
Haitiwi na asali, wala kupakwa uturi,
Hukwambia yake hali, ukivuta ufikiri,
Hii nyingine ni mbali, yaficha yake makari.

Asubuhi nikamsomea Mzee kwenye ua wa makuti. Akasema ubeti anaupa saba, maana hakuelewa makari. Nikamwambia makari ni ukali wenyewe, ule unaouma. Akafikiri, akasema basi nane.

Mkebe mwekundu sasa hauonekani mezani pake; ameuweka juu ya kabati, nyuma ya redio. Juzi alinisimamisha njiani nikitoka sala ya Ijumaa, akaniuliza kama nina mtu Lamu anayeweza kumletea hiyo tumbaku ya magofuni aijaribu mwenyewe, japo kiganja kimoja, tena kavu, bila kitu. Namba ya mtu ninayo. Bado sijapiga simu.